Waliokuwa Wakiota Maji

Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha kusafisha damu nilivua viatu mlangoni. Hakuna aliyeniambia nivue. Wagonjwa wanne walikuwa wamelala kwenye viti vya kuegemea, wamejifunika khanga na mashuka ya kwao, na kando ya kila mmoja mashine ilinguruma taratibu, damu ikitoka mkononi kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Kulikuwa na utulivu wa mahali pa ibada. Muuguzi Mfawidhi, mwanamume mrefu asiyepandisha sauti, aliitazama miguu yangu akacheka.

"Somoe, vaa viatu. Humu damu ikidondoka haichagui mguu."

Sikuwa mgeni kazini. Nilianzia Rondo nikiwa binti, nikizalisha wake wa wakulima wa korosho, nikajua Kimwera cha kumtuliza mzazi kabla sijajua cha kuombea maji. Kutoka hapo nikahamishiwa Kilwa, wodi ya wanaume, chini ya Matroni aliyepitisha kidole juu ya kabati kila asubuhi kutafuta vumbi na kulipata. Nilikuja Lindi mjini nikiwa na mvi mbili tatu na kiburi cha miaka mingi. Lakini figo nilizijua kwenye mchoro tu.

Nyie vijana mnaoingia kazini leo mnayasoma haya chuoni, kwa hiyo nivumilieni. Figo zikifa, maji na taka za chakula hubaki mwilini. Mashine huchuja damu kwa saa nne hivi, na wagonjwa wetu walikuja mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Katikati hapo, anachokunywa mtu hakina pa kutokea. Ndiyo maana kila mgonjwa ana uzito wake mkavu, yaani uzito anaopaswa kuwa nao maji ya ziada yakishatolewa. Anapanda mzani akiingia, anapanda tena akitoka, na tofauti ndiyo inayotueleza alivyoishi siku zilizopita. Mkononi daktari humuunganishia mishipa miwili ili damu iende kwa nguvu ya kutosha. Ukiweka kidole pale unasikia mtetemo, mfano wa paka anayekoroma. Nilikuwa naupenda mtetemo ule, na mpaka leo nikishikana mkono na mtu kidole changu hupanda chenyewe kuutafuta.

Jambo ambalo vitabu havikuniambia ni ndoto. Saa ya pili ya mashine wengi walisinzia, na wakiamka walisimulia, na karibu wote waliota maji. Mama mmoja alikuwa anachota kisimani ndoo haijai. Mwalimu mmoja mstaafu alinyeshewa na mvua kinywa wazi, mvua ikawa tamu. Nilikuwa nawasikiliza mashine zikinguruma, na kuna nyakati nilihisi chumba kizima kinaelea, mimi na viti na watu wangu, tunakwenda taratibu mahali ambapo hakuna mwenye kiu. Ndoto zao niliziandika nyuma ya daftari langu. Hakuna aliyeniagiza.

Mwotaji mkubwa kuliko wote alikuwa Mzee Chande wa Kiswere. Maisha yake yote alikuwa akisuka madema, mitego ile ya fito ya kunasia samaki, na mkono wake uliokuwa huru haukutulia, ulisuka hewani huku ule mwingine umefungwa mirija. Siku za mashine alilala kwa binti yake hapa mjini. Alhamisi akimaliza alirudi Kiswere kwa mkewe, Bi Mwanahawa, na Jumatatu alikuja amevimba.

"Kilo nne, baba," namwambia.

"Mzani wako una wivu na watu wa Kiswere," ananijibu.

Basi akaja Mtafiti Mkuu, daktari bingwa wa figo. Mama mdogo wa umbo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alitaka kujua wagonjwa wa pwani yetu wanaishije na matibabu haya: nani anapata nafuu, nani anaacha, nani anafariki, na kwa nini. Alinichagua niwe msaidizi wake kwa sababu, alisema, naongea na watu mpaka wanasahau kuwa wanahojiwa. Nikapewa fomu. Kila mgonjwa akizidiwa nilijaza fomu ya tukio, na sehemu ya sababu ilikuwa na visanduku. Kimoja kiliandikwa "kutofuata masharti".

Kisanduku hicho kilikuwa kizito. Mashine zilikuwa chache na waliokuwa wakisubiri nafasi walikuwa wengi. Mgonjwa akiwekewa alama tatu pale, kamati ya kitengo ilikaa kujadili kama kiti chake apewe mwingine. Kunyang'anywa kiti ni kupewa siku chache za kuaga. Mzee Chande alikuwa na alama mbili, na zote nilizitia mimi.

Mtafiti Mkuu akanituma Kiswere nikaone anaishije. Nilifika Jumamosi mchana nimechoka, vumbi limenijaa kope. Bi Mwanahawa alinipokea kwa kelele za furaha, mkeka ukatandikwa, shemeji wawili wa Mzee wakaitwa waje wamwone nesi wa mjini. Mara nikaletewa dafu limeshachongwa. Mzee naye akaletewa lake.

Dafu, kwa mtu mwenye figo zilizokufa, si maji tu. Lina potasiamu nyingi, chumvi ambayo mwili wenye afya huitumia na kumwaga inayozidi. Isipomwagwa, moyo huanza kupoteza mwendo. Nilijua hivyo kuliko mtu yeyote pale mkekani. Lakini nilijua pia kwamba Kiswere mwenyeji hamwachi mgeni anywe peke yake. Humsindikiza, hata kama ametoka kunywa sasa hivi, la sivyo ni sawa na kumwambia mgeni aondoke. Na kumkataza mtu mzima kinywaji nyumbani kwake, mbele ya shemeji zake! Mzee alilishika dafu lake, akanitazama. Nami nikanyamaza. Nikajiambia ataonja tu.

Alinywa lote. Nilipoomba kuondoka tukaletewa la pili, la safari, nalo akalinywa.

Jumapili asubuhi aliletwa kwa gari, miguu haimbebi. Karatasi ya kipimo cha moyo ilionyesha mawimbi yaliyochongoka, tukamchoma dawa ya kuulinda moyo na kumweka kwenye mashine mbio mbio. Nilikaa ubavuni pake saa zote nne kidole changu kikiwa juu ya mtetemo wake, naomba usikatike. Fomu ya tukio ilikuwa magotini. Nilikwishaijaza kwa penseli, na najua mtanihukumu, lakini niliweka tiki pale pale, kwenye kutofuata masharti. Alama ya tatu. Niliogopa lawama.

Saa ya tatu akafumbua macho.

"Nimeota nimekunywa nikashiba," akasema.

"Kwa nini ulikunywa, baba? Unajua hukumu yake."

"Ulitaka nikuache unywe mwenyewe nyumbani kwangu?" Akapumzika kidogo. "Halafu nilikutazama wewe kwanza. Ukanyamaza. Nikajua leo nesi kaniruhusu."

Nilitoka nikaenda kulia stoo, kati ya maboksi ya chujio. Niliporudi nilifuta tiki. Pembeni ya karatasi, kwa kalamu ya wino, nikaandika: mgonjwa alikunywa madafu mawili akimsindikiza mgeni, mgeni ni mimi, msaidizi wa utafiti, nilimwona na sikumzuia.

Mtafiti Mkuu aliisoma akiwa amesimama. Akavua miwani ikaning'inia.

"Somoe, hakuna kisanduku cha hili."

"Ndiyo maana nimeandika pembeni, daktari."

"Na unajua itabidi niipeleke kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali ikiwa hivi?"

"Najua."

Akavaa miwani, akaisoma tena. "Kwa hiyo hizo alama mbili za mwanzo," akasema, "ulimuuliza alikunywa na nani?"

Sikuwa nimemuuliza. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza.

Mimi nilipewa barua ya onyo, nami nilistahili. Mzee Chande alibaki na kiti chake, kwa sababu kamati ilisimamisha hukumu zote hadi maswali yaulizwe upya. Tukarudi kwa kila mgonjwa na swali moja jipya: ulipokunywa, ulikuwa na nani? Majibu yalitutia haya. Mmoja alikuwa msibani, kapewa uji na wafiwa. Mwingine alipokea wakwe. Wale tuliowaandika wakaidi, wengi wao walikuwa watu wenye adabu tu, kila mara wakimsindikiza mtu.

Dawa yake aliipata Bi Mwanahawa, si sisi. Alikuja kitengoni na finjani, kile kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono, akaniuliza, "Hii ikijaa maji, mwenzangu atakufa?" Nikapima. Hatakufa. Tangu hapo Mzee alitembea na finjani yake kwenye mfuko wa kanzu. Mgeni akija, mgeni ananywa kikombe kikubwa, yeye anasindikiza kwa finjani ya maji, na heshima ya nyumba inabaki ilipo. Wengine wakaiga. Jumatatu mzani wangu ukaanza kupunguza wivu.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akasuka madema kwa mikono miwili siku zisizo za mashine. Alifariki kwao, asubuhi, moyo ukiwa umechoka wenyewe. Katika fomu ya mwisho niliandika sababu bila kutafuta kisanduku, kisha nikafungua nyuma ya daftari na kuandika ndoto yake ya mwisho, aliyonisimulia Alhamisi iliyotangulia: yuko Kiswere, watu wote wa kitengo tumekuja kumtembelea, na madafu ni mengi kuliko wageni.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza utafiti wetu uligundua nini, nami nawajibu kwamba uliniponya mimi kiburi. Daftari la ndoto ninalo bado. Nikilisoma mchana, nikiwa nimejinyoosha kwenye busati, nasikia mashine zinanguruma, na ninajikuta nasinzia na watu wangu.

Mwezi uliopita nilikwenda Kiswere kumsalimu Bi Mwanahawa. Shikamoo, marahaba, mkeka, na mara dafu likawekwa mbele yangu. Nililishika, nikashindwa kulipeleka mdomoni. Yeye aliliona hilo. Akaingia ndani, akarudi na finjani ya Mzee, akaimiminia maji kutoka dafu langu, akaketi kunikabili.

"Mgeni wangu hanywi peke yake," akasema.

Nikamshika mkono kabla hajanyanyua.

"Bi Mwanahawa, figo zako nzima?"

Akacheka hadi machozi yakamtoka. "Nzima, mwanangu."

"Basi tunywe."