Sare ya Ubingwa Kabla ya Mchezo

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, tulivyotoka mtaa wetu wa Bertrams kwenda Doornfontein watu kama arobaini, wote tumevaa kitenge kimoja cha njano na kijani. Mgongoni nilikuwa nimeshona kwa mkono wangu, herufi kubwa: MABINGWA. Mchezo wenyewe ulikuwa haujachezwa.

Wewe umezaliwa hapa, Kiswahili unakisikia ila unanijibu Kizulu, kwa hiyo ngoja nikueleze. Kwetu Kongo shughuli haiwi shughuli bila sare. Iwe harusi, iwe msiba, iwe ubatizo, kitambaa kimoja kinakatwa kwa wote. Na kikishakatwa, shughuli lazima iwe. Sijawahi kuona watu wamevaa sare ya harusi halafu wakaambiwa rudini nyumbani, bibi harusi anaumwa kichwa.

Sasa sisi sare yetu tulikata kwa ajili ya timu ya mpira wa kikapu ya chuo kimoja pale Doornfontein. Timu ya katikati. Ya mwisho si yenyewe, ya kwanza si yenyewe. Vyuo vikubwa vina daktari wao na basi lao. Ukumbi wetu mvua ikinyesha wachezaji wanakwepa ndoo. Lakini mwaka ule tulikuwa na Jospin, kijana wa kwetu, wa Uvira, mrefu mpaka mlangoni anainama, mpole, anasomea umeme. Masomo yake yalilipwa na chuo kwa sababu ya mpira. Asipocheza, ufadhili unakatwa. Yeye alijua, kocha alijua, na sisi tulijua. Kijana huyo alitubeba mpaka fainali.

Na sisi ni nani? Washonaji, wasusi, walinzi wa maduka. Watu tuliokimbia vita kwa miguu, tukafika huku tukaitwa majina ambayo sitayaandika kwenye karatasi. Ndani ya ukumbi ule, watu wale wale waliotutukana barabarani walisimama wakamshangilia mtu wetu. Sisemi hivi ili nijitetee. Nasema ujue ile njaa yetu ya ushindi ilikuwa ya nini. Ila mtumai cha nduguye hufa maskini, na sisi heshima yetu yote tuliitundika kwenye miguu ya mtoto wa watu.

Mlango wa ukumbi ulilindwa na Mrundi mmoja, Mzee Bahati. Alikaa hapo miaka mingi, hakuna kocha wala mchezaji asiyemjua. Aliponikuta nje napima watu mabega, futi shingoni, aliniuliza nashona nini. Nikamwambia sare ya ubingwa.

"Dieudonné," akasema, "mlango huu nimewafungulia makocha wanne. Timu hii mwaka mmoja inapanda. Mwaka wa pili wakubwa wanakuja wanachuma waliokomaa, na kocha anawafuata. Mwaka wa tatu tunaanza na watoto wasiojua hata kupokea mpira. Ndivyo ilivyo. Mkiipenda, ipendeni hivyo hivyo. Mkiilazimisha iwe kitu kingine, mtamvunja mtu."

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mdomo mkubwa kuliko akili. Nikamjibu mbele za watu kwamba Warundi wanaogopa hata kushinda. Watu wakacheka. Mzee alirudi kwenye kiti chake akakaa.

Alhamisi, siku mbili kabla ya fainali, mazoezini, goti la Jospin likavimba. Nesi wa chuo akamwandikia karatasi: apumzike, asicheze wiki tatu. Habari ikafika Jeppestown kabla ya jioni, kwa kinyozi wetu Kasongo, mwenyekiti wa washangiliaji. Kasongo huyo alikuwa na sauti ya kuhubiri na hajawahi kugusa mpira maisha yake yote. Nayataja majina kwa makusudi, mwanangu. Nimechoka na hadithi za "ilitokea" na "bahati mbaya". Kasongo alisema watu arobaini hawawezi kuaibika kwa ajili ya goti moja. Akanituma mimi, kwa sababu Jospin aliniita yaya, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu.

Nilimkuta chumbani kwake, mguu juu ya kreti ya soda, goti limefungwa barafu ya kutoka spaza, kiduka cha mtaani. Aliniuliza habari za cherehani kwanza. Kijana wa heshima. Halafu akaniuliza:

"Yaya, wewe unaonaje? Nikae?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Neno moja tu, "kaa," lingetosha. Alikuwa analitaka lile neno, nililiona machoni pake.

Nikamwambia, "Kitenge kimeshakatwa, mdogo wangu."

Akaangalia goti lake. Akacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa basi limekwisha kuondoka. "Haya basi," akasema.

Kocha Themba naye hana pa kujificha. Karatasi ya nesi aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Alikuwa ameshaitwa na chuo kikubwa, na fainali ile ndiyo ilikuwa ngazi yake. Akamfunga Jospin bendeji kwa mikono yake mwenyewe, akamwingiza.

Kipindi cha tatu kijana aliruka kuchukua mpira chini ya kikapu, akatua vibaya. Sisi tulikuwa tunaimba. Aliendelea kulala pale chini na sisi tukaendelea kuimba, tukidhani anajilaza ili mwamuzi amwadhibu mpinzani. Kasongo alipaza sauti kwamba kijana ni mjanja. Tuliimba mpaka nikamwona Mzee Bahati ameacha mlango wake, anavuka uwanja mbio na uzee wake wote, akapiga magoti pembeni ya Jospin. Ndipo tukanyamaza.

Tulifungwa, tena vibaya. Lakini hilo nani analikumbuka?

Kocha Themba aliondoka kabla ya mwaka kuisha. Kasongo alisema kijana amerogwa, na msimu uliofuata akawa na jina la mchezaji mwingine mdomoni. Chuo kilikata ufadhili. Barua yao ilikuwa fupi na yenye adabu sana. Sisi kanisani tuliahidi kusimama naye. Tulimtembelea mara mbili. Eish, mara mbili, watu arobaini.

Leo Jospin anaelekeza magari ya watu kuegesha karibu na uwanja mkubwa, anaburuta mguu. Umeme aliusomea nusu. Nikipita ananisalimia, bado ananiita yaya, ananiuliza habari za cherehani. Angenitukana ningelala vizuri.

Waswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi naona walioitunga methali hiyo waliishi na watu wenye haki. Aliyekataa la mkuu ni mimi. Miguu yangu mizima hii hapa, nakanyagia cherehani kila siku.

Sasa juzi nimekusikia, wewe na wenzako, mmetoka kwenye ukumbi ule ule. Mlikuwa mnamwita yule kijana mpya mzigo kwa sababu alikosa kikapu cha mwisho, na mmemwandikia hivyo kwenye simu asome. Mnataka kocha afukuzwe. Mnasema mwaka huu ni ubingwa au basi.

Shule mimi niliishia darasa la sita, lakini hili nimelisomea. Timu ya katikati itawafunga wenzake wa saizi yake, siku nyingine itafungwa nao. Wakubwa wataifunga karibu kila mara. Siku moja, labda baada ya miaka, itamwangusha mmoja wao, na utafurahi wiki nzima. Kesho yake watakuja kumchukua aliyekufurahisha. Usimwite msaliti. Kocha mzuri ataondoka, mbaya atabaki. Usitegemee itabadilika, mimi nimesubiri nusu ya maisha yangu na haijabadilika. Unachoweza kudai ni kitu kimoja: kwamba vijana walioingia pale waende darasani, watoke na cheti, watoke wanatembea. Hilo lidai kwa nguvu, lipigie kelele hata uitwe mkorofi. Na ukisikia mchezaji anauliza akae au acheze, ujue ameshaumia. Mwambie akae. Usiangalie umevaa nini, usiangalie nani anakusubiri nje.

Sijui kama utanisikia. Mimi sikusikia, na niliyeambiwa nilikuwa mkubwa kuliko wewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe timu ya kushindwa pamoja nayo bila kumchukia mtu. Akupe ulimi mwepesi wa kusema neno jema wakati bado linafaa. Na kama furaha yako itataka mtoto wa mwenzio alale chini aumie, Mungu akunyime furaha hiyo. Amina.