Wa Nyumbani Mwisho

Juzi nilishuka Bondeni kununua nazi, muuzaji akakataa pesa yangu. Mzee wa watu, meno yamemwisha, lakini macho yake mazima. "Wewe si mjukuu wa yule tajiri wa malori?" akaniuliza. "Babuyo ndiye aliyenitoa gizani. Chukua, mwanangu, na Mungu amrehemu." Nikachukua. Mwenzangu, nilifika nyumbani nikakaa na zile nazi mapajani, nikalia mpaka binti yangu akadhani tumefiwa.

Acha nikuelezee. Babu yangu alikuwa tajiri hasa, si tajiri wa maneno. Malori yake yalitoa mizigo Kilindini mchana kutwa. Lakini lau ungemkuta njiani ungempa sadaka! Kanzu zake mbili, moja mwilini, moja kambani. Makubadhi yameshonwa, yakakatika, yakashonwa tena. Kutoka Mji wa Kale hadi bandarini alikwenda kwa miguu; madereva wake mwenyewe wakimpigia honi wamchukue, naye akiwapungia mkono waende zao.

Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa, na ndani hamkuwa na kochi wala televisheni wala feni. Tulikaa mikekani. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana wali na mchuzi wa aina moja. Ukithubutu kuulizia achari, babu hukutazama kwa upole akasema, "Kwani huo wali umekataa kushuka?" Sisi watoto tulinung'unika, wallahi. Jirani yetu muuza vitambaa hakuwa na hata robo ya mali ile, na kila Ijumaa harufu ya biriani yake ilikuwa ikitupandia dirishani kutuchokoza.

Neno la babu lilikuwa moja: wa nyumbani mwisho. Unaijua desturi yetu ya karamu, wageni wale washibe, ndipo wenye shughuli wakwangue sufuria. Basi babu aliitoa desturi hiyo karamuni akaifanya sheria ya maisha. Karo za watoto wa watu zikilipwa kwanza, zetu baadaye. Mvua ikinyesha, mabati yakienda kwanza kwa mjane wa mtaa wa pili, na sisi tukiweka ndoo chini ya dari letu.

Na kila mwaka, kabla ya Ramadhani, alileta madaktari wa macho kutoka Nairobi. Walikaa kwenye ukumbi wa shule moja kule Ganjoni, na watu wakaja kutoka kila upande: makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli kutoka bara, akina mama wa Kinango walioshikwa mkono na wajukuu zao. Hakuna aliyelipa. Nyumbani tulipika pilau ya umati ule, na mikono yangu ilinuka vitunguu na bizari wiki nzima. Raha iliyoje kumwona mtu akifunguliwa bendeji, akiangalia vidole vyake kama vitu vigeni! Nilijivunia babu yangu siku hizo.

Nyanya yangu, mkewe babu, ndiye aliyesimamia vyungu. Alikuwa pia fundi wa kofia za kushona kwa mkono, kazi ya tundu ndogondogo inayotaka jicho kali. Kisha akaanza kuniita nimtungie uzi sindanoni. Akaanza kugonga bega mlangoni, na kupiga teke birika lililo kando yake. Kilicho mbele alikiona, kilicho ubavuni hakukiona. Sote tukasema ni mtoto wa jicho, maana kila mzee aliyekuja Ganjoni alikuwa na mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hungoja. Ukimtoa leo, ukimtoa mwakani, ni mamoja.

Mwaka wa kwanza nyanya alivaa buibui lake jipya akakaa kwenye benchi na wenzake. Zamu yake ilipokaribia, akaletwa mama mmoja ametoka mbali, amechelewa. Babu akaja akainama. "Mama watoto, mpishe mgeni." Nyanya akainuka, akarudi kwenye vyungu vyake. Mwaka wa pili ikawa vilevile. Mama yangu akakasirika. "Baba, si umpeleke hospitali ya kulipa? Hushindwi!" Babu akajibu kwamba hawezi kumnunulia mkewe zamu ambayo wake za watu wanaingojea kwa subira. Nyanya akatucheka. "Niacheni, mie sina haraka."

Mwaka wa tatu alikalishwa mbele ya daktari, kijana mpole. Akammulika jicho hili, akammulika na lile. Kisha akamwita babu pembeni, nami nilikuwa nimeshika mkoba wa nyanya, nikasikia. "Mzee, huyu hana mtoto wa jicho. Ni presha ya macho. Imeua mishipa, na haitarudi. Angekuja mapema tungeuokoa uoni uliokuwapo." Babu akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamepanda kifuani. "Na uwezo nilikuwa nao," akasema.

Kiza kikamfunga nyanya kidogo kidogo, hata sindano akaiweka. Babu akawa ndiye macho yake: akimshika mkono kwenda kutawadha, akimchambulia miba ya samaki, akimweleza nani amepita na amevaa nini. Akanunua feni, yeye aliyeapa haitaingia kwake. Nyanya akaomba izimwe. Ilimziba masikio asisikie hatua za anayekuja.

Babu alifariki mwisho mwisho wa miaka ile ya tisini. Mtaa ukajaa watu mpaka gari halipiti. Wanawake waliotibiwa Ganjoni walikuja ndani kumpa nyanya mkono, kila mmoja akimsifu maiti kwa uoni aliompa, na nyanya akiitikia, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi." Nilitamani kuwafukuza wote.

Kabla ya kufunikwa tulimwongoza nyanya amuage mumewe. Akampapasa paji la uso, mashavu, akafika kwenye ndevu, vidole vikasita. Akanigeukia. "Nambie, mwanangu. Zimekuwa nyeupe zote?"

Nikamwambia, "Zote, nyanya."

"Mimi nalimwacha nazo nyeusi," akasema.

Nyanya naye hakukaa sana. Nyumba ikauzwa, malori yakagawanywa kwa warithi, na madaktari hawakuja tena. Siku hizi mtu akimsifu babu yangu mbele yangu naitikia amin, na ni amin ya kweli, kwani sijapata kuona mtu mwema kama yule. Lakini nyanya yangu aliishi na mtu mwema huyo maisha yake yote, na uso wake wa uzeeni hakupata kuuona.