Pacha Mzima

Fundi wa mashine ya kusaga unga alikuwa mwepesi wa utani na wateja, lakini nyumbani kwake palikuwa na kiti kimoja tu.

Alizaliwa pacha. Yeye na kaka yake walifanana hata mama yao akawa anawachanganya. Walipoingia ujanani, kaka alianza kusikia watu wakimsema ukutani, akakataa chakula cha nyumbani akidai kina sumu. Hospitali wakasema ni skizofrenia. Shangazi akamtazama yule mzima kutoka juu hadi chini. "Damu ni ile ile," akasema. "Na wewe jiangalie."

Akajiangalia. Akachagua mashine kwa sababu ikinguruma hakuna sauti nyingine inayopenya. Umeme ukikatika, moyo ulimwenda mbio. Akisikia anaitwa, kwanza alimwuliza aliye karibu, "Na wewe umesikia?" Mshonaji wa duka la jirani alimpenda waziwazi. Akamkwepa mpaka yule dada akachoka, akaolewa kwingine. Kaka yake alilazwa hospitali ya akili; fundi alikuwa akimpelekea sabuni na matunda, anakabidhi mlangoni mwa wodi, anageuka.

Mvi zilikuwa zimeshamjaa fundi kichwani siku daktari mpya alipomkuta pale mlangoni, akamwita ofisini, akamwuliza anaogopa nini. Fundi akamwaga yote.

"Kurithi kupo, sitakudanganya," daktari akasema. "Lakini hakuna jeni moja ya ugonjwa huu. Ziko nyingi, kila moja inachangia kidogo, na mambo mengine ya maisha yanaongezea. Hata mapacha wa kufanana kama nyinyi, mara nyingi mmoja huugua, mwenzake asiugue. Na kwa kawaida huanza ujanani. Mzee wangu, ujana wako umeshapita."

"Umepita saa ngapi?" akauliza, kama anayeulizia basi.

Siku hiyo aliingia ndani. Kaka yake alikuwa kwenye benchi, dawa zimemnenepesha, uso ni ule ule wake. Akamweleza aliyoambiwa.

"Kumbe ulikuwa unaniogopa," kaka akasema. "Mimi nilidhani umenikasirikia."

Fundi akakaa kando yake kwenye benchi. Tangu hapo huenda kila siku ya mapumziko, hukaa mpaka wageni waambiwe watoke. Kuna siku wanaongea, kuna siku kaka humpa mgongo tangu mwanzo hadi mwisho. Mshonaji ana wajukuu sasa. Wakikutana njiani husalimiana vizuri, wakaulizana habari za afya, kisha kila mtu akashika njia yake.