Tundu Kwenye Mlima wa Saruji

Baba alijenga mlima. Uko Same mjini, ndani ya bustani ya michezo ya watoto kando ya barabara kuu, na ukiwa kwenye bembea ukageuza shingo unaiona milima yenyewe imesimama nyuma yake kama inauchungulia. Huu wa baba ni wa saruji, kimo chake kama nyumba. Una vijumba, migomba ya mabati iliyopakwa kijani, kanisa juu, msikiti chini tambarare, na begani una kibwawa kinachojazwa usiku na bomba jembamba. Treni ya watoto huuzunguka.

Tangu apatwe na kiharusi, baba hasemi. Mkono wa kushoto tu ndio unaomtii. Kila asubuhi huunyoosha mbele, hukunja ngumi, kisha huivuta polepole kuelekea kifuani, mara tatu, mara nne. Mama husema anataka blanketi, humfunika. Nami nilimwamini mama.

Kisha msimamizi wa bustani akapiga simu. Kibwawa kilikuwa kikifurika kila asubuhi hadi njia ya treni inajaa tope, na wakati huohuo kikivuja kwa chini. Fundi mpya ameona tundu na anataka kuliziba. Je, mzee aliacha mchoro? Baba hakuwahi kuchora kitu. Tukatumwa mimi na mama: mama kwa kuwa ni mkewe, mimi kwa kuwa naandika vitabu, na ndugu zangu hudhani mtu wa vitabu husoma chochote.

Tulifika fundi ameshachanganya saruji. Msimamizi alimwamkia mama shikamoo, akaniambia nikijua tundu lina kazi niseme, la sivyo linazibwa kabla ya mchana. Mama alikataa kuzunguka kwa miguu. Akaingia kwenye treni ya watoto, magoti yakimgusa kidevu, akawa anapita mbele yangu kila baada ya dakika chache, ameketi kwa heshima zote.

Nikauzunguka mlima na daftari. Milango yote ya vijumba ilitazama kibwawa. Nikaandika. Kulikuwa na mbuzi asiye na mkia. Nikaandika kwamba huenda baba alimaanisha kitu kilichopotea. Kwenye ngazi za kanisa palikuwa na alama ya unyayo wa kuku, nikaandika. Mistari myembamba ilishuka kutoka begani, ikagawanyika, ikapita uani kwa kila kijumba. Niliiona ni nyufa, kisha njia, kisha mishipa ya mkono wa mtu. Katikati ya kibwawa ulisimama mti mkavu, bila tawi hata moja, na huo niliuandikia ukurasa mzima.

Fundi alinisikiliza nikimsomea msimamizi. Mkia, alisema, ulivunjwa na watoto wa shule juma lililopita. Na yule kuku alipita tu saruji ikiwa mbichi, kama kuku wote.

"Mwandishi," akaniambia, "saruji haisubiri."

Sikujua tena kipi baba alikiweka na kipi kilijiweka chenyewe. Nilitazama mlima wa mtu aliyenilea nikaona ni wa mgeni. Fundi akachota saruji kwa mwiko, akapanda.

Treni ikapita. Mama akasema, bila kupaza sauti, "Huo si mti."

Treni ikaenda naye. Ilibidi tungoje hadi izunguke yote.

"Ni mpini wa kizibo," akasema aliporudi. "Ni ndiva hiyo. Kwetu maji hulala humo, asubuhi mwenye zamu anazibua, yanashuka mashambani. Mwanangu, hujui kwenu?"

Sikujua. Nililelewa mjini, kwenye bomba la kijiji sikuwahi hata kupanga foleni. Ndiva niliisikia midomoni mwa wazee, nikaiweka pamoja na hadithi. Nikapanda, nikaushika ule mti, nikauvuta kuelekea kifuani. Haukutoka. Nikavuta mara ya pili, ya tatu, na kwenye ya tatu mikono yangu ikanikumbusha ngumi ya baba.

Kizibo kikachomoka, kimezungushiwa magome ya mgomba yaliyooza. Maji yakaingia kwenye ile mistari, yakapita uani kwa kila kijumba, yakazunguka kanisa, yakashuka hadi msikitini. Mfereji mmoja tu haukupita kwa mtu. Uliingia chini ya ukuta, ukapotea na maji yake.

Fundi alishuka na mwiko wake. Msimamizi alisema kumbe ndiyo maana mzee alikuwa akifika kabla ya watu wote. Saruji ikapelekwa kwenye ngazi za lango. Msimamizi akauliza nani sasa atakuwa na zamu, akajijibu mwenyewe kwamba ni yeye.

Asubuhi iliyofuata, nyumbani, baba alinyoosha mkono, akakunja ngumi, akavuta. Nilimwinamia.

"Tumezibua, baba. Maji yameshuka."

Nikamuuliza ule mfereji wa mwisho unakwenda kwa nani. Akanyoosha mkono tena, akavuta. Mama akaja na blanketi, akamfunika hadi mabegani, na baba akalishika kwa ngumi ileile, akafumba macho.