Swali la upepo kutoka River Road

Leo nimefundishwa kuzima moto na mzee anauza mipira ya magari River Road. Na mimi ndio niko na cheti!

Ngoja niwaambie.

Mnajua niko kwa kile kikundi cha kujitolea, tunazima moto wa nyasi kando ya msitu huku Dagoretti. Mwaka huu baridi imepita bila manyunyu. Nyasi imekauka mapema, na moto hautangoja Januari.

So nikaenda kununua mpira wa lori, ule tunakata vipande tunafunga kwa mpini.

Mzee akauliza, "Hii ni ya nini, madam?"

"Ya kuchapa moto."

Akacheka. "Hebu chapa nione."

Nikachapa lami. Paa! Watu wakasimama kuangalia.

"Kama huo ni moto, umerusha cheche. Sasa uko na moto tatu." Akachukua mpira, akaulaza chini polepole, akaukandamiza, akavuta. "Moto unafunikwa, hauchapwi."

Kumbe kwao magharibi kazi yake ilikuwa kuchoma mashamba ya miwa kabla ya kuvunwa, miaka mingi kabla aje Nairobi!

Halafu akaniuliza, "Huko kwenu, saa kumi jioni upepo huelekea wapi?"

Nimezaliwa huku Dagoretti. Sikujua.

Nilipofika nyumbani nikafunga kitambaa kwa ua wa nyumba, nikaleta kiti nikae niangalie. Kwanza kitambaa kilikuwa kinapepea kuelekea msituni. Saa kumi ikafika, kikageuka.

Saa hii upepo unatoka msituni, na kinaelekea mlango wa jikoni kwetu.

Kwenu je? Mshawahi angalia?