Kilomita Mia Mbili na Kumi na Mbili

Mtaa mzima ulimwita Mama Waya, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Alianza na redio, akahamia kwenye magari yalipoanza kuja na kompyuta, wakati mafundi wengi bado waliamini kila ugonjwa wa injini unatibika kwa nyundo na matusi. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya gereji ya watu: meza, feni iliyobakiwa na panga mbili, na kompyuta ndogo yenye ufa kwenye kioo. Akishachomeka waya wake chini ya usukani, gari lilimweleza linapoumwa.

Jumamosi moja mchana kaka yake, yule aliyemwachia ziwa, alileta basi lake dogo la kubebea wafanyakazi wa kiwanda. Taa nyekundu ya breki ilikuwa inawaka. Mama Waya akachomeka, akasoma.

"Pampu inayosaidia breki inakufa, kaka. Siku ikikata roho, pedali itakuwa ngumu kama jiwe."

"Nimeshaagiza nyingine, inafika Jumatatu. Wewe nifutie taa tu. Abiria wakiiona wananipigia kelele."

"Dereva umemwambia?"

"Mdogo wangu, mwenye gari ni mimi au wewe?"

Alijua si sawa. Lakini baba yao alipofariki, huyu ndiye aliyeacha shule ili yeye asome ufundi, na mtu kama huyo humkatalii kirahisi. Akabonyeza. Taa ikazimika. Hata kikombe cha chai hakuwa amekiweka chini.

Jumatatu pampu haikufika. Jumanne alasiri basi liliteremka mlima wa kuelekea kiwandani, likashindwa kukata kona, likavaa ukuta wa daraja. Walikufa watu watatu, mmoja wao msichana aliyekuwa na wiki mbili tu kazini. Dereva alivunjika nyonga, akafungwa pingu kwenye kitanda cha hospitali. Kila aliyemuuliza alimjibu neno moja: nilikanyaga breki. Watu waliguna. Dereva gani amewahi kusema hakukanyaga?

Askari wa usalama barabarani aliyeshika kesi hakujua kwamba mwenye basi ni ndugu yake Mama Waya. Alichojua ni kwamba kazi ya kusoma kompyuta za magari hapo mjini anaiweza Mama Waya peke yake.

"Mama, nataka mambo mawili tu. Mwendo wake, na kama breki ilikanyagwa. Nusu ukurasa unatosha."

Basi lilikuwa uani kwa polisi, pua imebonyea hadi kwenye kiti cha dereva, kiatu kimoja cha kike kikiwa bado sakafuni. Alianza na kisanduku cha mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga, ambacho hutunza kumbukumbu za sekunde tano za mwisho kabla ya ajali. Namba zikapanda kwenye kioo. Sekunde ya tano kabla ya ukuta: kilomita sabini na moja kwa saa, breki imekanyagwa. Ya nne, imekanyagwa. Hivyo hivyo mpaka mwisho, na mwendo umepungua kidogo tu. Yule mtu alikuwa amesimama juu ya pedali kwa uzito wake wote.

Kisha akafungua kompyuta ya injini. Hitilafu ya pampu ilikuwa imerudi. Chini yake palikuwa na mstari ambao askari hakuuomba: umbali tangu kumbukumbu kufutwa, kilomita 212.

Akausoma mara mbili.

"Vipi?" askari akauliza.

"Alikanyaga."

"Kwa hiyo gari ndilo bovu."

"Gari lilisema mapema. Kuna mtu alilinyamazisha."

"Nani?"

Angeweza kusema hajui. Kompyuta haiandiki jina la mtu.

"Mimi. Na aliyeniambia nifute ni mwenye gari, kaka yangu. Andika."

Askari alimtazama. "Una hakika, mama?"

"Andika kabla sijabadilisha mawazo."

Kaka yake alifungwa miaka minne. Yeye alipewa kifungo cha nje, akanyang'anywa kibali cha kazi, akaishia kufua mashuka hospitalini. Mama yao alimwita mara moja tu.

"Nimewazaa kwa tumbo moja, ukampeleka mwenzio jela kwa mdomo wako."

"Watu watatu wamekufa, mama."

"Na wewe umewafufua?"

Aliinuka akaenda zake. Tangu siku hiyo mama alizipokea salamu zake kwa mgongo.

Mwaka ulipogeuka, dereva alikuja nyumbani kwake, akipanda ngazi kwa magongo. Alikataa kiti.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Ni kweli nilikanyaga?"

"Mahakamani si walisoma?"

"Nataka nisikie kwako uliyeona. Walivyoniambia sikukanyaga, wote, kila siku, mwishowe na mimi nikaanza kujishuku. Nilikuwa nalala nauuliza mguu wangu."

"Ulikanyaga, baba. Sekunde zote tano."

Dereva alilia bila sauti, ameegemea fremu ya mlango. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa shati.

"Na taa uliizima wewe."

"Niliizima mimi."

Akatikisa kichwa polepole, akayapanga magongo yake, akageuka. Mama Waya alinyoosha mkono amsaidie. Akausukuma kwa kiwiko. Alishuka ngazi moja, akapumzika, akashuka nyingine. Mama Waya alisimama pale pale mpaka alipofika chini.