Sarafu ya Ndovu Tuliyoifuata Nanyuki

Tulitoka Othaya kwa sababu macho ya mama yalikuwa yanafifia, na kabla hayajapofuka kabisa alitaka kuiona kazi ya mwisho ya baba.

Marehemu baba, Mwangi, alikuwa akiongoza wageni mlimani. Kazi yake ya mwisho, miaka michache baada ya uhuru, alimpeleka mchoraji wa ng'ambo kumtafuta ndovu wa kuchorwa kwenye sarafu za fedha, zile za ukumbusho zinazonunuliwa na watu wa nchi za mbali kuwekwa tu, si za kwenda dukani. Hatukuwahi kuiona hata moja. Kisha tukasikia kwamba Bwana Abdi, mfanyabiashara wa mifugo Nanyuki, alizawadiwa moja na mgeni wake.

Asubuhi tulipanda basi Nyeri. Tulipopita Naro Moru mlima ulikuwa wazi, nami nikamweleza mama theluji ilipofika. Miaka yote aliamini baba aliupenda mlima huo kuliko nyumba yake.

Nanyuki, Bwana Abdi na mkewe Bi Halima walitukaribisha kwa chai ya maziwa, ingawa hawakutujua. Tulipowaambia tumefuata sarafu ya ndovu, Bwana Abdi akaleta kikasha, akamwekea mama sarafu kiganjani. Mama aliipapasa polepole.

"Huyu ako na pembe mbili," akasema. "Yule wa Mwangi alikuwa na moja, alinisimulia mwenyewe. Sio yeye."

Nilitamani tuondoke. Lakini Bwana Abdi aliuliza ni Mwangi yupi, na mama alipomweleza, akaketi karibu naye.

"Mama, huyo alikuwa analala hapa kila akishuka mlimani. Alikuwa ananisumbua nimtafutie leso nzuri. Ati hawezi kufika kwako mikono mitupu."

"Mimi aliniambia anazinunua Nyeri, njiani tu," mama akasema, na machozi yakamtoka.

Bi Halima alimshika mkono mpaka akatulia. Wakakataa tulale hotelini, wakatutandikia chumba alichokuwa akilala baba.

Kesho yake tulirudi bila sarafu. Nilikuwa nimeenda kutafuta ndovu, nikajifunza kwamba mtu anaweza kukutunzia jamaa yako na wewe humjui hata kwa jina. Nawashukuru watu wale hadi leo. Kuanzia Kiganjo mama alianza kunisimulia jinsi baba alivyomposa, jambo ambalo hakuwahi kulitamka, na tulipofika Othaya bado alikuwa akiongea.